Wambua Aliyezaliwa Kiangazi

Ni nadra shule ya Kitui au Makueni, kule Ukambani nchini Kenya, ikose Wambua. Mara nyingi wako wawili watatu katika darasa moja, na mwalimu hulazimika kuongeza jina la baba ili ajulikane nani anaitwa. Jina lenyewe linatokana na mvua, mbua kwa Kikamba. Mtoto wa kike aliyezaliwa ikinyesha ni Mumbua au Kambua. Wabukusu nao wana Wafula na Nafula, Wajaluo wana Okoth na Akoth, ila kule magharibi mvua ni jambo la kawaida. Ukambani, mvua ni habari.

Misimu ni miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa huko huitegemea zaidi vuli kuliko masika. Vuli ikikatika mapema, mahindi hukauka kabla ya kubeba, akabaki na mbaazi, kunde na ndengu, nazo zikibahatika. Ndiyo maana upande wa pili wa Wambua yuko Wayua, msichana aliyezaliwa wakati wa yua, yaani njaa. Njaa zenyewe pia hupewa majina: ile ya 1961 ni Yua ya Atta, kwa sababu ya unga wa msaada, na ya miaka ya 1980 ni Nikw'a Ngwete, nakufa na pesa mkononi, maana pesa zilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Kwa familia isiyo na kalenda ukutani, majina hayo yalitosha kukadiria umri wa mtu. Saa nayo ilihesabiwa: Kioko ni wa asubuhi, Mutuku na Nduku ni wa usiku.

Desemba 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo. Pamoja na ubatizo yakaja majina ya Biblia, na taratibu Wambua akasogezwa nafasi ya pili. Baadaye akawa jina la ukoo, kama la Enoch Wambua, seneta wa Kitui tangu 2017.

Kurithishana majina ndiko hasa kulikolitenganisha jina hilo na mawingu. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Basi mjukuu huzaliwa Agosti, vumbi limetanda hadi angani, na bado ni Wambua. Hapo huingia nthoni, heshima ya ukwe: mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata likiwa limebebwa na mwanawe wa kumzaa. Humtafutia jina jingine la kumwitia nyumbani, na Wambua likabaki la shuleni na la kitambulisho.