Papo Hapo au Mumo Humo?

Maji ya kisima kirefu chenye chuma hutoka bombani maangavu, hayana hata vumbi. Yakiachwa kwenye ndoo kwa saa chache huanza kubadilika rangi, na mwishowe unga wa kutu hutulia chini. Hakuna aliyetia kitu. Kule ardhini, pasipo hewa, chuma kilikuwa kimeyeyuka; kilipokutana na oksijeni kikaganda. Mtaalamu wa maabara atakayeletewa chupa ya maji hayo kesho yake, akayachuja na kupima chuma kilichoyeyuka, ataandika namba ndogo. Namba hiyo itakuwa sahihi kabisa kwa maji yaliyomo kwenye chupa. Ya kisimani ni habari nyingine.

Kwa sababu ya vituko vya namna hiyo, wanakemia na wanamazingira wanaishikilia istilahi ya Kilatini in situ, yaani "mahali pake". Kupima in situ ni kukipima kitu kilipo, kikiwa bado na joto lake, shinikizo lake na kemikali kinazoishi nazo, bila kukihamisha kwanza. Istilahi yenyewe haina mwenyewe mmoja. Waakiolojia husema nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zimehifadhiwa in situ, kwa kuwa zilifukiwa tena pale pale zilipochimbuliwa badala ya kukatwa na kupelekwa makumbusho. Madaktari nao wana saratani ya in situ, ile ambayo haijavuka tabaka ilimoanzia. Kila fani imeipa maana yake, na hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapoanza kukuna kichwa.

Kabla ya kumsaidia mfasiri, inafaa kuona kinachoharibika kitu kinapohamishwa. Joto ndilo la kwanza. Joto la maji ya kina cha mita 500 halisafirishwi kwa chupa. Likifika juu limekwisha kuwa joto lingine. Mwaka 1874 kampuni ya Negretti & Zambra ya London ilitoa kipimajoto cha kupinduka. Kilishushwa baharini kwa kamba kikiwa wima, kikaachwa dakika kadhaa kizoee hali ya huko, kisha kikapinduliwa kichwa chini, miguu juu. Zebaki ilikatika kwenye kishingo chembamba cha bomba la kioo, na kile kipande kilichokatika kikabaki na urefu wake mpaka kifaa kikavutwa hadi melini. Kipimo kilifanyika chini, kikasomwa juu. Vizazi kadhaa vya wanasayansi wa bahari vilitegemea ujanja huo.

Oksijeni ilikuwa ngumu zaidi. Maji yasiyo na oksijeni yakigusa hewa mara moja tu hujipatia oksijeni ambayo ziwani hayakuwa nayo. Mwaka 1888 mwanakemia wa Hungaria, Lajos Winkler, alibuni njia ya kuinasa: chupa ikishajaa tu, hutiwa chumvi ya manganizi na myeyusho wa iodidi wenye alkali, na oksijeni yote hufungwa ndani ya mashapo ya kahawia. Baada ya hapo chupa inaweza kusubiri titresheni bila haraka kubwa. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Leland Clark akaleta elektrodi yenye utando unaopitisha oksijeni, aliyoikusudia kwa vipimo vya damu kabla haijaingia maziwani. Siku hizi vifaa vingi hutumia doa la rangi maalumu: linamulikwa kwa mwanga wa buluu, linarudisha mwekundu, na kadiri oksijeni inavyozidi ndivyo ule wekundu unavyofifia haraka. Kifaa cha aina hii huitwa kihisi. Wapo wanaokiita sensa, lakini sensa ilishajiwahi kwenye kuhesabu watu.

Ukikishusha kihisi hicho katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, oksijeni inakatika kwenye mita mia moja hivi upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini. Kuanzia hapo kwenda chini ni maji yasiyo na pumzi, yenye salfidi ya hidrojeni. Ziwa zima limo katika mstari mmoja wa namba, na hakuna chupa iliyofunguliwa.

Sasa mfasiri. Neno la kwanza linalomjia mtu aliyesoma chuo kikuu ni "uwandani". Ni neno zuri lililozoeleka, lakini ni pana mno. Mtafiti anaweza kuwa uwandani wiki nzima, akajaza chupa, akazipanga kwenye kasha la barafu na kupima kila kitu akisharudi mjini. Alikuwa uwandani, kipimo hakikuwa. "Mahali pake pa asili" ni tafsiri aminifu ya Kilatini, ila ni ndefu, na neno "asili" linaleta msitu na mababu pasipohitajika: kihisi kinachopima asidi ndani ya pipa la kiwanda nacho kinapima in situ.

Inabaki "papo hapo", ambayo wengi huikimbilia. Tatizo lake ni kwamba imebeba saa na mahali kwa pamoja. Anayesemwa amefariki papo hapo katika ajali amefariki mahali hapo na pia muda huo huo, na faini ya papo kwa papo hulipwa bila kungoja. In situ haisemi lolote kuhusu haraka. Kile kipimajoto cha Negretti kilichukua dakika zake chini, kisha kikasomwa baadaye, na bado ni in situ bila ubishi. Kwa upande mwingine, kuna vipimo vya haraka ambavyo si in situ hata kidogo.

Mfano ni klorini. Maji ya bomba yanapaswa kubaki na klorini kidogo ya kuyalinda njiani, na Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali mtu anapoyateka. Klorini hiyo hutoweka yenyewe, kwa hiyo haingoji maabara. Ofisa wa afya anayekagua gati la maji wakati wa kipindupindu hujaza kijichupa, hudondosha kidonge, hutikisa, kisha hulinganisha rangi ya waridi iliyotokea na vioo vya rangi vilivyopangwa kwa viwango. Amesimama pale pale kwenye gati na jibu analo mkononi. Lakini maji ameshayatoa bombani na ameyatia kemikali. Hicho ni kipimo cha papo hapo kwa kila maana ya Kiswahili. Mwanakemia mkali hatakiita in situ.

Hapa Kiswahili kina kitu ambacho Kilatini hakina. Ngeli ya mahali ina milango mitatu: PA ya mahali mahususi, KU ya mahali pasipo mipaka, na MU ya ndani. Kila mmoja una msisitizo wake: papo hapo, kuko huko, mumo humo. Wazungumzaji wanatofautisha hivi tangu utotoni bila kufundishwa na mtu. Hakuna anayesema samaki yuko papo hapo majini. Pendekezo la makala haya ni kwamba kazi igawanywe kwa kufuata milango hiyo hiyo. Kifaa kinachozama ndani ya maji, udongo au moshi wenyewe kinapima mumo humo. Mtu anayechota na kupima kando ya chanzo anapima papo hapo. In situ, katika maana yake kali, ni upimaji wa mumo humo.

Kama tofauti hiyo inaonekana ni ya wanasarufi tu, Ziwa Kivu linaweza kuitetea. Ziwa hilo, kati ya Rwanda na Kongo, lina kina cha takriban mita 485, na tabaka zake za chini zimeyeyusha gesi ambayo ikiletwa kwenye shinikizo la kawaida la hewa ingejaza takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Kinachoishikilia gesi hiyo ni uzito wa maji yaliyo juu yake, kwani kila mita 10 za kina huongeza takriban shinikizo la angahewa moja. Wanaoishi kandokando yake, kutoka Goma na Gisenyi hadi Bukavu, wana sababu ya kutaka kujua hesabu yake. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitema kaboni dioksidi usiku na kuua watu wapatao 1,700. Wakazi wa Goma wanaijua gesi hiyo hata nchi kavu. Mahali pa bondeni inapojikusanya na kuua mifugo na watu hupaita mazuku, na neno hilo sasa linachapishwa katika majarida ya wataalamu wa volkano bila kutafsiriwa.

Shida ni kuipima. Chupa ya kawaida ya sampuli hushushwa ikiwa wazi pande zote mbili, kisha kizito hutumwa kwenye kamba kikaifunga. Ikivutwa kutoka mita 350, maji yaliyomo hufanya kama soda iliyofunguliwa: povu linapanda, gesi inapenya kwenye vifuniko, na kinachofika juu ni mabaki. Mjerumani Klaus Tietze alipima gesi za Kivu katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 watafiti walichapisha makala wakisema methani imeongezeka kwa hadi asilimia 15 ndani ya miaka 30, na kwamba kwa mwendo huo ziwa lingeweza kujaa gesi ndani ya karne hii. Habari hiyo iliwashtua wengi, kwa haki.

Mwaka 2018 timu kadhaa zikakutana ziwani kupima kwa pamoja, kila moja kwa njia yake. Moja ilishusha mifuko mitupu iliyojazwa maji kidogo tu kule chini na kufungwa. Ilipopanda gesi ikatanuka ndani ya mfuko badala ya kutoroka. Nyingine ilipandisha maji na gesi kwa bomba hadi kwenye mashine iliyokaa juu. Wapo waliozamisha kifaa chenye utando unaopitisha gesi na kuzuia maji. Nyuma ya utando mwale wa leza hupita katika gesi iliyopenya, na methani inajulikana kwa mwanga inaoufyonza. Kuna pia vihisi vyenye utando kama huo na kipimashinikizo nyuma yake, ambavyo huachwa vitulie mpaka gesi ya ndani na ya nje zilingane. Kwa istilahi zetu, leza na hivi vihisi hupima mumo humo, mashine ya juu hupima papo hapo, na mifuko ni sampuli iliyolindwa vizuri. Matokeo yalichapishwa 2020: njia zilikubaliana kwa kiasi cha kuridhisha, na hakukuwa na dalili ya ongezeko kubwa la gesi tangu enzi za Tietze. Hofu ya 2005 ilikuwa imejengwa juu ya tofauti iliyo ndani ya ukomo wa usahihi wa vipimo.

Kupima mumo humo kuna karaha zake. Kihisi kinacholala ziwani miezi kadhaa hufunikwa na utando wa mwani na bakteria, kikaanza kupima utando wake badala ya ziwa. Vingine vimefungiwa brashi ndogo ya kujifuta, lakini hata hivyo lazima mtu avipandishe mara kwa mara na kuvihakiki kwa myeyusho wenye kiwango kinachojulikana. Ndiyo maana titresheni ya Winkler haijastaafu: maabara nyingi bado zinaitumia kuvisuta vifaa vipya.

Mfasiri ajihadhari na watu wa setilaiti. Kwao kila kipimo kisichotoka angani ni in situ, hata ndoo iliyochotwa kutoka melini. Wanachotaka ni kutenganisha anayetazama kwa mbali na aliyefika. Katika maandishi yao "papo hapo" nayo itapotosha, kwa kuwa setilaiti pia hutuma data papo hapo. Afadhali kusema "vipimo vya mahali penyewe".

Wanakemia wa vichocheo wameenda upande mwingine, wakaona in situ ni pana mno. Kichocheo kinaweza kukaguliwa ndani ya chombo cha mmenyuko, katika joto linalotakiwa, bila mmenyuko wenyewe kuendelea. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kutumia neno jingine la Kilatini, operando, kwa kipimo kinachofanyika huku kichocheo kikitenda kazi na mazao yake yakipimwa wakati huo huo. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Kiambishi -ki- kinatosha: kichocheo kimepimwa kikiwa kazini.