Baridi Inayobeba Moto

Gesi inayotoka ardhini hujaza nafasi kubwa. Ndiyo sababu kuivusha bahari kulikuwa kazi ngumu. Lakini ikipozwa mpaka digrii 162 chini ya sifuri, inageuka kuwa kama maji, nayo nafasi yake inapungua mara 600.

Je, chombo gani kitaweza kuishika? Mjini Cleveland, Marekani, tarehe 20 Oktoba 1944, tangi moja la chuma lilipasuka. Gesi ikatiririka mpaka kwenye mifereji ya maji machafu, ikawaka moto, na watu 130 wakafa. Chuma kile kilikuwa na nikeli kidogo mno: katika baridi kali kilivunjika kama chungu.

Basi wataalamu wakatafuta madini yasiyovunjika kwa baridi. Mwaka 1959 merikebu Methane Pioneer ilitoka Lake Charles, Marekani, ikafika Canvey Island, Uingereza, na gesi yake salama. Matangi yake yalikuwa ya alumini, ndugu ya sufuria zetu, yamezungukwa na mbao nyepesi za balsa ili kuzuia joto. Mwaka 1964 gesi ya Algeria ilianza kupelekwa Uingereza vilevile.

Leo merikebu za namna hiyo ni nyingi. Tukiwasha jiko la gesi, tuwakumbuke marehemu wa Cleveland. Kifo chao kiliwafundisha mafundi kupima chuma kwanza.