Majina Kando ya Njia

Mpenzi msomaji, wako watu huko Ulaya ambao likizo yao huipitisha juu ya baiskeli. Hufunga mfuko kwenye keria, wakachukua ramani na chupa ya maji, wakazunguka vijijini siku mbili tatu. Si kwamba wamekosa nauli ya gari moshi. Wameuchagua mwendo wa polepole kwa sababu mwendo huo humpa mtu nafasi ya kuona. Aliye ndani ya motokaa huviona vijiji vikikimbia dirishani. Aliye juu ya baiskeli husikia harufu ya udongo, husalimiana na mkulima, na akiona jiwe lenye maandishi kando ya njia huweza kushuka akalisoma.

Leo nataka tufuatane, mimi nawe, katika njia moja ya namna hiyo, kaskazini ya Ufaransa, tokea mji wa Arras mpaka kijiji cha Neuve-Chapelle. Ni kiasi cha kilomita 50, safari ya siku moja kwa mtu asiye na haraka. Twende, kwani katika ardhi hiyo wamelala ndugu zetu wengi ambao aghalabu hatuwataji.

ARDHI INAYOTOA CHUMA

Ukitoka Arras kuelekea kaskazini utakuta mashamba mapana ya ngano na viazi, na ya yale mazao ya mizizi yatoayo sukari. Nyumba ni za matofali, na ukizitazama utaona kuwa nyingi zina umri unaolingana. Sababu yake ni kwamba vijiji vya zamani vilisagwa vikawa vumbi katika vita vya 1914 mpaka 1918, na hivi unavyoviona vilijengwa upya baadaye. Mpaka leo wakulima wanapolima, plau huibua mabomu ya mizinga yaliyozama bila ya kulipuka. Huyaweka kando mpaka waje wataalamu wa serikali kuyachukua. Ukiyaona, usiyaguse, zaidi ya miaka mia imepita na bado yanaweza kuua.

Hujakanyaga pedali kwa muda mrefu, utafika Neuville-Saint-Vaast. Hapo yapo makaburi ya Wajerumani, nayo ni makubwa kuliko makaburi yao yote ya vita hivyo katika Ufaransa: wamezikwa watu 44,833. Misalaba myeusi imepangwa safu kwa safu, na kati yake yapo mawe ya Mayahudi waliopigana katika jeshi la Ujerumani. Pengine utajiuliza, mimi Mwislamu nina nini na watu hawa? Kumbuka basi kisa cha Mtume wetu (s.a.w.). Lilipita jeneza naye akasimama. Alipoambiwa kuwa maiti yule ni Myahudi, aliuliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi. Hebu nasi tusimame kidogo, kisha tuendelee.

KILIMA CHA LORETTE

Mbele ya kijiji cha Souchez njia yapanda. Hapa baiskeli huwa nzito, na wengi hushuka wakaisukuma. Kilima chenyewe si kirefu. Hakizidi mita 165 juu ya bahari. Lakini nchi yote iliyokizunguka ni tambarare, na mwenye kukishika huona mbali. Kwa ajili ya kuona huko, Wafaransa na Wajerumani walikigombania miezi mingi. Katika mapigano yaliyoanza tarehe 9 Mei 1915, Wafaransa peke yao walipoteza watu zaidi ya laki moja, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Juu ya kilima yapo makaburi ya Notre-Dame-de-Lorette, ambamo wamezikwa watu zaidi ya 40,000, na karibu nusu yao hawakujulikana majina. Misalaba ni mingi hata jicho huchoka. Kisha ghafula safu zinabadilika. Utaona mawe ambayo vichwa vyao vimechongwa kama tao la msikiti, yenye mwezi na nyota na maandishi ya Kiarabu, nayo yamepangwa kwa kufuata kibla. Ni makaburi 576 ya Waislamu. Namna ya mawe hayo inanasibishwa na Étienne Dinet, mchoraji wa Kifaransa aliyesilimu kabla ya vita na kujiita Nasreddine, ambaye baadaye, katika 1929, alihiji Makka na akafariki mwaka huo huo.

Ni akina nani hawa? Ni watu wa Algeria, Tunisia, Moroko na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Ufaransa. Ukielekea Vimy, mwendo mfupi kutoka hapo, utalikuta jiwe la ukumbusho wa kikosi kilichoitwa Divisheni ya Moroko. Siku ile ya 9 Mei 1915 wapiganaji wake, wakiwamo Waalgeria na Watunisia wengi, waliwavunja Wajerumani wakafika juu ya ukingo wa Vimy. Hawakupata msaada kwa wakati, na wakarudishwa nyuma. Wanaokuja Vimy leo wengi hulitazama lile jengo kubwa jeupe la Wakanada, waliouteka ukingo huo Aprili 1917. Wachache hulisogelea jiwe la hawa waliotangulia.

Tuseme kweli, msomaji. Watu hawa hawakupigania nchi yao. Ilikuwa vita ya waliowatawala. Wengine waliandikwa kwa nguvu, wengine walisukumwa na njaa, na wengine waliifuata desturi ya baba zao ya kazi ya uaskari. Mnamo Novemba 1914 Sultani wa Kituruki alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, na hapana shaka yapo mioyo iliyopata mashaka makubwa. Sisi hatuwezi kuzihukumu nia zao, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Lililo juu yetu ni kutowasahau na kuwaombea.

Tena hata waliokwisha kufa hawakuachwa wakapumzika. Katika 2007 na 2008 watu wasiojulikana waliingia makaburini humo wakayanajisi mawe ya Waislamu, mara ya tatu mamia kwa siku moja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Basi mtu aliyetolewa kwao akafe kwa ajili ya Ufaransa, akaja kutukanwa kaburini katika Ufaransa hiyo hiyo! Lakini tuseme pia haki: serikali ililaani kitendo hicho, mawe yakasafishwa, na wananchi wengi waliona haya.

Kando ya makaburi limejengwa duara kubwa la zege, lililofunguliwa tarehe 11 Novemba 2014. Ndani yake yameandikwa majina karibu 580,000 ya waliokufa katika sehemu hiyo ya Ufaransa. Yamepangwa kwa herufi tu. Hakuna cheo, hakuna taifa, hakuna dini. Jemadari na mpishi, adui na rafiki, wako pamoja. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Hujurat kuwa alitufanya mataifa na makabila ili tujuane. Wanadamu hawa walikataa kujuana walipokuwa hai. Wamekuja kuwekwa jirani baada ya kufa.

WATU WA NEUVE-CHAPELLE

Sasa twateremka. Njia ni nyoofu, upepo wavuma bila ya kizuizi, na vilima vyeusi vya takataka za migodi ya makaa vyabaki nyuma yetu. Karibu na Neuve-Chapelle, penye njia panda, umesimama mnara wa jiwe wa kiasi cha mita 15, na ukuta wa mviringo umeuzunguka. Huu ni ukumbusho wa jeshi la India, uliofunguliwa Oktoba 1927. Mapigano ya hapo yalianza tarehe 10 Machi 1915 yakadumu siku nne, na jeshi hilo lilipoteza kiasi cha watu elfu nne, waliokufa na waliojeruhiwa. Katika ukuta yamo majina zaidi ya 4,700 ya waliokufa katika Ufaransa na Ubelgiji bila ya kaburi linalojulikana. Masingasinga, Wahindu na Waislamu wamo pamoja.

Hapa ndipo safari hii inapotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa vikosi vilivyopigana huko kilikuwamo kikosi cha 129 cha Mabulushi. Askari wake mmoja, Khudadad Khan, alibaki na bunduki yake ya rasharasha huko Hollebeke, Ubelgiji, tarehe 31 Oktoba 1914, wenzake wa bunduki hiyo wote wakafa. Akawa askari mwenyeji wa kwanza wa jeshi la India kupewa nishani ya Victoria. Kikosi hicho hicho, kilipotolewa Ufaransa, kililetwa kwetu katika 1916 kupigana na Wajerumani, na kikafika mpaka Kibata, bara ya Kilwa.

Na nani aliyewabebea chakula na risasi katika misitu yetu? Ni wapagazi, babu zetu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam latokana na kikosi chao. Waliokufa katika kuwatumikia Waingereza peke yao wanakadiriwa kufikia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukuta wao uko wapi? Majina yao yako wapi? Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam katika 1927, mwaka ule ule wa mnara wa Neuve-Chapelle, haina jina hata la mtu mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita iliyoyaandika majina ya Neuve-Chapelle ndiyo hiyo hiyo iliyoona wapagazi wetu hawahitaji kuandikwa. Aprili 2021 yenyewe ilikiri na kuomba radhi, ikasema kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, Mola wetu hakumsahau hata mmoja wao. Yeye hahitaji ukuta wala duara la zege. Sisi ndio wasahaulifu, na sisi ndio tunaohitaji kukumbushwa. Kwa ajili hiyo Mtume (s.a.w.), baada ya kukataza mwanzoni, aliamrisha makaburi yazuriwe, kwa kuwa yanakumbusha Akhera.

Si lazima uende Ufaransa. Panda baiskeli yako Ijumaa moja baada ya Sala, uende kwenye makaburi ya kijiji chenu, ng'oa majani, toa salamu kwa waliolala humo. Kisha ukae na mzee wa ukoo wenu, umwulize: nani katika sisi alichukuliwa kubeba mizigo akawa hakurudi? Mwenye kulijua jina hilo huenda amebaki mmoja tu, na huenda hatafika mwakani. Andika jina hilo, na la baba yake, na mahali alipotoka, uwasomee wanao. Jina la maiti ni amana, na sisi tulio hai ndio tuliokabidhiwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, na atujaalie mwisho mwema. Amin. Wabillahi tawfiq.