Historia fupi ya laptopu, kwa mpwa wangu wa Sangailu anayeingia chuo cha uhandisi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo nimerudi kwa sababu ya simu moja kutoka nyumbani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo. Kwao ni Sangailu, kule Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, msitu wa Boni ukiwa si mbali. Akanipigia: "Abti, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Ninunue laptopu gani?" (Kwa Kisomali abti ni mjomba, na mjomba naye humwita mpwa wake abti. Kwa hiyo mazungumzo yetu ni abti kwa abti.)

Kumbe alikuwa ameshachagua. Aliona picha ya laptopu mpya ya kuchezea michezo, kibodi inawaka taa za rangi zote, chaja yake nzito kama tofali. Shemeji yangu, baba yake, aliuliza swali moja tu: "Hiyo ni ng'ombe wangapi?"

Msicheke. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na mifugo ilikufa kwa mamilioni. Ng'ombe waliobaki kwa shemeji ndio akiba, ndio hospitali, ndio karo. Laptopu hii itanunuliwa mara moja tu. Ikikosewa, hakuna ng'ombe wa pili wa kurekebishia.

Nilimwambia mpwa wangu anipe jioni moja. Sikumtajia jina la laptopu kwanza. Nilimpa historia, na ndiyo ninayowaandikia hapa, kwa sababu naona inajibu swali lake vizuri kuliko orodha ya bei.

Mashine zilizotaka ukuta

Mwaka 1972 Alan Kay, mtafiti wa Xerox kule California, aliandika kuhusu kompyuta ambayo mtoto angeibeba kama daftari. Aliiita Dynabook. Haikujengwa, kwa sababu vifaa vya wakati ule havikuweza.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1981, ikaja Osborne 1. Hii iliuzwa kwa dola 1,795, ikafunguka na kufungwa kama sanduku la cherehani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11 na kioo cha inchi 5. Watu waliita hiyo kompyuta ya kubeba! Ubebe kweli, lakini ukifika lazima utafute soketi, maana haikuja na betri ndani yake.

Mwaka 1982 GRiD Compass ikaleta umbo tunalolijua leo: kioo kinachokunjwa juu ya kibodi. Aliyeichora ni Bill Moggridge. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 8,000, na NASA iliipeleka angani. Hata hiyo, toleo la kwanza lilitegemea umeme wa ukutani.

Hapo mpwa wangu akacheka: "Abti, ilifika angani lakini isingewaka Sangailu."

Naam! Shikilia hilo neno, ndilo somo lote.

Betri za dukani

Mwaka 1983 kampuni ya Tandy ilianza kuuza TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera ya Japani. Kwa nguvu ilikuwa kitu kidogo: kioo chake kilionyesha mistari minane tu ya maandishi. Lakini ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zile za tochi na redio, na ilifanya kazi hadi saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda mno. Mashine dhaifu inayowaka ilishinda mashine kubwa iliyozimika.

Mwaka 1985 Toshiba ikatoa T1100, ya kilo nne hivi, yenye betri ya kuchaji na yenye uwezo wa kuendesha programu za IBM PC. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za lithiamu, hizo ambazo leo ziko ndani ya simu yako. Waliochangia kuzigundua, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Baada ya hapo laptopu zikawa nyepesi na za kuaminika. ThinkPad ya kwanza maarufu, 700C, ilitoka 1992.

Programu za wahandisi nazo zilikuwa zinakua upande wa pili. AutoCAD ilitoka 1982. MathWorks, kampuni ya MATLAB, ilianza 1984. SolidWorks ilikuja 1995, ikaandikwa kwa ajili ya Windows, na mpaka leo ni ya Windows. Kwa hiyo mwanafunzi wa mitambo anayetaka Mac ajue hilo kabla ya kulipa.

Waliotufikiria sisi

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mradi wa laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto. Ilipotoka mwaka 2007 kwa jina la XO, bei ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo. Mradi ulikosolewa sana, na kwa haki, kwa sababu laptopu bila mwalimu aliyeandaliwa ni sanduku tu. Hapa Afrika Mashariki, Rwanda ndiyo iliyozichukua kwa wingi. Lakini kama mhandisi naiheshimu XO: ilitumia umeme kidogo sana, kioo kilisomeka juani, na kibodi yake ilizuia vumbi. Kuna mtu alikaa akafikiria mtoto anayesoma mahali pasipo na soketi.

Kenya nayo ilipita njia hiyo. Ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za 2013. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, na shule nyingi za vijijini zililazimika kwanza kufungiwa umeme au sola. Tena ni lile lile: soketi kwanza.

Kisha ikafunikwa

Sasa tunafika kwenye kosa la zama zetu. Mwaka 2008 MacBook Air ilitoka ikiwa nyembamba ajabu, betri ikiwa imefungiwa ndani. Wengine wakafuata. Betri ikafichwa, RAM ikachomelewa kwenye bodi, na ikiharibika unaambiwa ununue nyingine. Huko Ulaya sheria ya mwaka 2023 inataka betri ziwe rahisi kutolewa na mtumiaji kuanzia Februari 2027. Dunia inarudi taratibu ilikotoka.

Mimi nililipia somo hili mapema. Mwaka 2007 nilipoingia chuo nilinunua laptopu nzuri ya mtumba kutoka duka moja jijini Nairobi. Sikupima betri. Chuoni sikujali, soketi zilikuwepo. Likizo ya kwanza nikarudi nyumbani na kazi ya muhula ya kumaliza. Betri ilishika dakika kumi na mbili. Nililipa nauli hadi Masalani nikakaa kwa mwenye jenereta, nikilipa kwa saa. Jenereta ilipozimika ghafla, kazi ikapotea. Nilirudia mtihani ule.

Machi 2020, korona ilipofunga vyuo na masomo yakahamia mtandaoni, nilikumbuka dakika zangu kumi na mbili. Aliyekuwa na umeme alisoma. Aliyerudi kijijini akiwa na mashine ya kutaka ukuta alikaa akisubiri.

Hesabu ya jua

Kwa dada yangu kuna paneli ya wati 100. Kwa saa tano za jua kali ni wati-saa 500 kwenye karatasi. Toa joto, vumbi na upotevu wa waya, hesabu 350 hivi. Hapo kuna taa, simu za watu wote na redio.

Laptopu ya michezo yenye chaja ya wati 180 ikifanya kazi kwa nguvu zote inamaliza umeme wa siku nzima kwa saa mbili. Tena inataka inveta kubwa. Ni Osborne iliyopakwa rangi.

Laptopu ya kazi ya kawaida inakula wati 10 hivi ukiandika au kuprogramu. Ukichora kwa bidii itapanda hadi 30 au zaidi, sawa, lakini si siku nzima.

Tulichonunua

Tulichukua ThinkPad T480 ya mtumba, modeli ya 2018, kwa shilingi 30,000 na chenji. Si mpya wala si ya kuringia. Sababu ni hizi:

1. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma. Ya nyuma unaitoa kwa vidole na kuweka nyingine huku mashine inaendelea kuwaka. Yetu zina wati-saa 24 na 48, kwa hiyo kuijaza ni kama robo ya umeme wa siku pale nyumbani.

2. Inachajiwa kwa USB-C. Chaja ya gari ya wati 65 inachomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 ya sola, bila inveta.

3. RAM ina nafasi mbili. Ameanza na GB 8, akifika mwaka wa tatu ataongeza bila kubadilisha mashine.

4. Prosesa yake ni ya Intel kizazi cha 8. Hapa wengi wanaumia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. T470, dada yake, haifiki, ingawa kwa macho zinafanana. Hata T480 chache zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo soma namba yenyewe, usisome stika.

Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri la Windows uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa kushika kiasi gani na sasa inashika kiasi gani. Tulikataa mbili kwa njia hiyo, ya tatu tukaichukua. Muuzaji alinuna kidogo. Angalia pia kioo kiwe cha 1920 kwa 1080, maana michoro kwenye kioo cha 1366 inatesa macho.

Nisiwadanganye: mashine hii haina kadi ya picha ya nguvu. Kazi kubwa za SolidWorks zitaipa tabu, na hizo atazifanya maabara ya chuo. Lakini atajifunza kuprogramu, atachora, atatumia GNU Octave na FreeCAD ambazo ni za bure, na likizo ikifika atarudi Sangailu na chuo chake begani.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo alipoiona. Haina taa za rangi. Kisha akatoa betri ya nyuma, akairudisha, akaitoa tena. "Abti," akasema, "na ikizimika bodi?" Nikamwambia afungue kifuniko aone, bisibisi moja tu. Akaifungua pale pale mezani. Nikajua nimempa mtu sahihi.

Shemeji alipigiwa simu kuambiwa bei. Akauliza lile lile, ng'ombe wangapi. Nikamwambia: mmoja, na chenji imebaki ya nauli. Akasema, "Basi huyo ng'ombe amekufa vizuri."

Kama una kijana anayeingia chuo na kwenu soketi ni za kubahatisha, anza kwa kuuliza ataiwashia wapi siku umeme hakuna. Mengine yatafuata. Kwa leo naishia hapa. Tuonane.