Kwa nini vitufe vya mashine hufungwa upande wa waya wa moto

KATIKA viwanda vingi, kuanzia vya kukoboa nafaka hadi vya kusukuma maji, mota huwashwa na kuzimwa kwa kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili. Vitufe anavyobonyeza mwendeshaji havibebi umeme wa mota. Kazi yake ni kuruhusu au kukata umeme mdogo wa koili.

Nchini Tanzania umeme wa njia tatu una volti 400 kati ya waya mmoja wa moto na mwingine, na volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro. Nyutro huunganishwa na ardhi, hivyo waya wa moto ukigusa chuma chenye ethi, umeme hupata njia ya kurudi.

Hapo ndipo mahali pa kufunga vitufe panapokuwa suala la uhai. Vikifungwa upande wa nyutro, mashine itafanya kazi kama kawaida, lakini ncha moja ya koili itabaki na umeme wakati wote. Waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye kitufe ukichubuka na kugusa paneli, umeme hupitia koili na kuingia ardhini. Kontakta huvuta na mota huanza kuzunguka bila mtu kubonyeza chochote. Kibaya zaidi, kitufe cha kusimamisha hakitaizima.

Vitufe vikifungwa upande wa moto, mchubuko kama huo hukata fyuzi na mashine husimama. Kwa sababu hiyo, kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1, kinachohusu vifaa vya umeme vya mashine, kinaelekeza kuwa katika saketi ya udhibiti iliyounganishwa na ardhi, ncha moja ya koili iende moja kwa moja upande wa ardhi, na vitufe vyote vikae upande wa pili.

Kanuni hiyo hutumika pia panapokuwa na transfoma ndogo inayoshusha umeme hadi volti 110 au 24. Ncha moja huunganishwa na ethi ndani ya paneli, na fyuzi hufungwa kwenye ncha nyingine. Fyuzi ikiwekwa upande wa ethi na kukatika, mashine huonekana imezimika ilhali nyaya zake bado zina umeme.

Aidha, fimbo ya ethi pekee haitoshi. Fimbo yenye ukinzani wa omu 20 kwenye volti 230 hupitisha ampea 11.5 tu, kiasi kisichoweza kukata fyuzi ya ampea 16. Hivyo paneli na mwili wa mota huunganishwa kwa waya wa kijani na njano hadi kwenye ubao mkuu. Panapotegemewa fimbo, huongezwa kifaa kinachokata umeme kinapohisi mkondo unaovujia ardhini. Waya wa ethi haupitishwi kwenye swichi wala fyuzi.

Hata hivyo, kitufe cha kusimamisha hakimlindi fundi anayefungua paneli. Kabla ya kugusa waya wowote, swichi kuu huzimwa na kutiwa kufuli, kisha kipimo huthibitisha kuwa umeme haupo.