Vyakula vya Sikukuu kwa Udongo: Historia ya Ufundi wa Wachina

Wafinyanzi wa kwanza wa China kuiga chakula kwa udongo waliwafanyia kazi wafu. Katika zama za ukoo wa Han (206 KK hadi 220 BK), mtu mwenye uwezo alizikwa pamoja na vyombo vya maziko viitwavyo mingqi: ghala, kisima, zizi la nguruwe na jiko, vyote vya udongo uliochomwa, vidogo vya kuenea kaburini. Juu ya jiko walibandika samaki, kasa, kisu na upawa, maana marehemu aliaminiwa kuendelea kuhitaji mlo. Huko Sichuan walimfinyanga mpishi mwenyewe, amepiga magoti mbele ya ubao wa kukatia uliosheheni samaki, kuku na kichwa cha nguruwe, uso wake ukitabasamu. Kwenye baadhi ya mbao hizo kuna kitu kilichokunjwa na kubanwa ukingoni, kinachofanana sana na jiaozi, kile kinyunya chenye nyama na mboga ndani ambacho Wachina wa kaskazini hula mkesha wa mwaka mpya.

Makaburi ya Astana, karibu na Turpan, yalihifadhi zaidi. Ukame wa huko ulikausha jiaozi halisi za wakati wa ukoo wa Tang (618–907) bila kuziozesha, na zilipofukuliwa bado zilikuwa na umbo lake. Katika makaburi hayo pia zilipatikana sanamu za udongo za wanawake wakitwanga, wakipepeta, wakisaga na kusukuma kinyunya. Hizi ndizo zenye thamani kubwa kwa historia ya ufundi huu, kwa kuwa zinaonyesha kazi ya jikoni kwa utaratibu wake, hatua baada ya hatua.

Chini ya ukoo wa Song desturi ilibadilika. Wafu walianza kuchomewa vyombo vya karatasi, na udongo ukahamia sokoni. Meng Yuanlao, katika kumbukumbu zake za mji wa Kaifeng alizoziandika 1147, anaeleza jinsi wanasesere wa udongo walivyouzwa kwa sikukuu ya siku ya 7 ya mwezi wa 7 wa kalenda ya Kichina, sambamba na vitafunio vya unga, mafuta na asali vilivyotengenezwa kwa maumbo ya kila namna.

Kilele cha ufundi kilifikiwa Yixing, mji wa wafinyanzi wa birika za chai katika jimbo la Jiangsu. Chen Mingyuan, aliyefanya kazi enzi za mfalme Kangxi (1661–1722), alifinyanga karanga, jozi na mizizi ya yungiyungi kwa ukubwa wake wa kweli. Hakupaka rangi ya kioo. Alichanganya udongo wa rangi mbalimbali, mwekundu, wa manjano na wa kahawia, hata ganda la karanga likatoka tanurini na mikunjo yake na uvumbi wake. Karanga si kitu cha kupita tu: pamoja na kunazi na mbegu za yungiyungi, huwekewa bibi harusi kwa dua ya uzazi. Baadaye, wakati wa mfalme Qianlong (1736–1795), mafundi wa mji wa Jingdezhen waliiga kwa kaure sahani nzima yenye kaa na matunda. Kaure inang'aa kuliko udongo wa Yixing, lakini haiudanganyi mkono uliozoea kumenya karanga.

Leo kazi hii imerudi kwenye udogo. Mafundi wa Hong Kong, Singapore na kwingineko hutumia udongo wa plastiki, ambao asili yake ni Ujerumani miaka ya 1930, na huuoka kwenye joto la takriban nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi. Kipimo kinachopendwa ni moja kwa kumi na mbili, hivyo keki ya mwezi ya sentimita 6, inayoliwa siku ya 15 ya mwezi wa 8, inakuwa na milimita 5 tu. Hugandamizwa kwenye kalibu iliyochongwa maua, sawasawa na keki yenyewe, kisha ukingo wake hupakwa unga wa chaki ya kahawia ili ionekane imetoka jikoni.

Zongzi, wali wa kunata wa siku ya 5 ya mwezi wa 5, ndiyo humtambulisha fundi mzuri. Asiyejua kuipika hufinyanga pembe tatu na kuipaka kijani. Anayejua hutengeneza kwanza wali, punje kwa punje, halafu jani la mwanzi lenye mishipa, akalikunja kama faneli, akalijaza wali na kulifunga kwa uzi. Jiaozi huhitaji udongo unaopitisha mwanga, ili kijani cha mboga kionekane kwa mbali. Mchuzi wa tangyuan, zile tufe za mchele za siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, humiminwa kwa utomvu angavu, tabaka jembamba juu ya jingine, na kila tabaka huachwa ligande kabla ya lifuatalo.