Majaji wa Chini ya Mlima Meru

Kabla ya Wajerumani kufika, Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru hawakuwa na mtu aliyeitwa hakimu. Walikuwa na laigwanani, msemaji wa rika. Ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba au wa mahari ulizungumzwa mkutanoni, leo na kesho na keshokutwa ikibidi, mpaka pande zote mbili zikubaliane. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyekaa nao miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, alieleza kwamba laigwanani hakukata shauri. Nguvu yake ilikuwa kujua kusema na kushawishi. Kwa majirani zao Wameru, wazee wa koo waitwao washili walibeba mzigo wa namna hiyo hiyo.

Hukumu ya mtu mmoja aliyeketi nyuma ya meza ilikuja na boma. Wajerumani walilijenga lao mwaka 1900, na jengo hilo sasa ni makumbusho. Ofisa wa boma alikuwa mkuu wa askari, mtoza kodi na hakimu, vyote kwa pamoja.

Waingereza walipoirithi nchi, waliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920. Rufaa zake zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na juu yake baraza la mfalme kule London. Hiyo ilikuwa njia ya mzungu na mfanyabiashara wa mjini. Mwafrika alipelekwa mahakama ya wenyeji, na baada ya sheria ya mwaka 1929 rufaa yake ilipanda kwa bwana shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa gavana. Jaji hakuiona kabisa.

Ndiyo maana mkasa wa Ngare Nanyuki una uzito wake. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kutoka huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawiwe walowezi. Gavana ndiye aliyekuwa mlalamikiwa, naye huyo huyo ndiye mwisho wa rufaa. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Baadaye akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli.

Uhuru uliunganisha njia hizo mbili. Sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 iliweka ngazi moja kwa wote: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Kilele kilibaki nje ya nchi hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 Tanzania ikawa na Mahakama ya Rufani yake, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyekikalia kiti hicho hadi mwaka 2000.

Anayeingia Mahakama Kuu Kanda ya Arusha kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa na vyeo. Jaji Mfawidhi ndiye mkuu wa kanda: huwagawia wenzake majalada, hukagua mahakama za chini na hutembelea magereza. Juu yake yupo Jaji Kiongozi, anayeisimamia Mahakama Kuu nchi nzima. Lakini mfawidhi au kiongozi hana mamlaka ya kuipangua hukumu ya jaji mwenzake kwa sababu tu ya cheo. Kazi hiyo ni ya Majaji wa Rufani, wasiopungua watatu, ambao huja Arusha kwa vikao, wakamaliza orodha yao ya mashauri na kuondoka. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60; wa Rufani, 65. Wote huteuliwa na Rais wa nchi.

Shauri moja laonyesha ngazi hiyo ilivyofanya kazi. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, walinyang'anywa shamba la ukoo wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu vijijini. Walikwenda mahakamani wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo, bila fidia, na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Jaji Eusebia Munuo, katika Mahakama Kuu Arusha, akasema sheria hiyo inavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Desemba 1994 Jaji Mkuu Nyalali na Majaji wa Rufani Lewis Makame na Robert Kisanga wakabatilisha vifungu vyake vikuu: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda. Ni hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huikuta mapema.

Wakati huo huo jiji lilikuwa likijiandaa kupokea majaji wa namna nyingine. Mwaka 1995 Baraza la Usalama liliichagua Arusha kuwa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ndani ya jengo la kituo cha mikutano cha AICC, tarehe 2 Septemba 1998, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mahakama ya Afrika Mashariki ilizinduliwa mwaka 2001. Ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Huku majaji hawateuliwi na mkuu wa nchi moja. Katika ile ya Afrika wako 11, wote sawa, na Rais wao wanamchagua wenyewe kwa miaka miwili. Yeye peke yake ndiye anayekaa Arusha muda wote, wengine huja kwa vikao. Mwaka 2021 walimchagua Mtanzania, Imani Daud Aboud.

Augustino Ramadhani alizipitia mahakama hizi karibu zote. Alikuwa brigedia jeshini, Jaji Mkuu wa Zanzibar, jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, kisha jaji wa Mahakama ya Afrika na Rais wake mwaka 2014. Sijui nchi nyingine iliyomtwisha mtu mmoja majoho mengi hivyo.

Tanzania ndiyo nchi iliyoshtakiwa mara nyingi zaidi katika Mahakama ya Afrika, mara nyingi na wafungwa waliokwisha kushindwa Mahakama ya Rufani. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kutumika. Mashauri ya zamani yaliendelea. Hivyo Mmalawi au Mghana aliyemaliza njia zote za kwao anaweza kuandika kwa majaji hao wa Barabara ya Dodoma, Arusha. Mkazi wa Kisongo, anayepita nje ya jengo lao kwa daladala akienda sokoni, hawezi. Imebaki kwake Mahakama ya Afrika Mashariki, na huko anapewa miezi miwili tu ya kulalamika.